Kijana kiziwi asiyeona anaongea na mama yake kwa kushikana mikono stendi ya Msamvu. Anaelewa kweli au anakisia?

#1 Msafiri wa Reli

Wakuu, habari za jioni.

Jana nilikuwa stendi ya Msamvu, Morogoro, nasubiri basi la Iringa. Benchi la mbele yangu walikaa mama wa makamo na kijana wa miaka kama ishirini na tano hivi. Kijana ana fimbo nyeupe yenye mistari myekundu. Nikajua haoni. Baadaye muuza maji akapita akinadi kwa sauti karibu kabisa na sikio lake, kijana hakugeuka wala kushtuka. Ndipo nikajua kuwa hata kusikia hasikii.

Kilichonifanya nisahau basi ni hiki. Mama anatoa alama kwa mikono, kijana ameweka viganja vyake juu ya mikono ya mama, vyepesi kabisa, kama mtu anayepima kikombe cha chai kama kimepoa. Mikono minne inakwenda pamoja. Akimaliza wanabadilishana, mama anaweka ya kwake juu. Mara kijana akaangua kicheko, na mama alikuwa hajamaliza kueleza.

Sasa swali. Nina binamu yangu kiziwi, kwa hiyo lugha ya alama naijua kidogo. Nusu ya lugha ile iko usoni. Ukiuliza unapandisha nyusi, ukikataa unatikisa kichwa, ukisema kitu kikubwa sana unajaza mashavu. Mtu asiyeuona uso wako atajuaje kama ameambiwa "umekula" au ameulizwa "umekula?"

Dai langu: yule kijana anapata maneno mawili matatu, yaliyobaki anakisia kwa sababu anayeongea naye ni mama yake mzazi. Nirekebisheni.

#2 Nyuki wa Tabora

Ngoja waje wajuzi. Nimeshika nafasi ya mbele.

#3 Bint Makunduchi

Mkuu, mbona jambo hili lilishatatuliwa zamani? Helen Keller wa Marekani alizaliwa haoni wala hasikii, akawa mtu wa kwanza duniani mwenye hali hiyo kufundishwa lugha, akasoma mpaka chuo kikuu. Chuo kikuu humalizi kwa kukisia.

#4 Mwalimu Chaki

Bint Makunduchi, hoja yako nzuri ila ina makosa mawili. Nimefundisha nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, miaka kumi na tisa, niruhusu nirekebishe.

La kwanza: Helen hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa 27 Juni 1880 kule Tuscumbia, Alabama, anaona na anasikia vizuri. Aliugua akiwa na miezi kumi na tisa. Miezi hiyo si midogo, mtoto wa umri huo ameshaanza kutamka. Mwenyewe alieleza kuwa kijineno cha maji alikuwa nacho kabla ya ugonjwa na hakikumtoka kabisa. Ndiyo maana siku ile ya pampu, Aprili 1887, mwalimu wake Anne Sullivan alipomtia mkono mmoja kwenye maji na kumwandikia herufi za neno hilo kwenye kiganja cha pili, kitu kikawaka.

La pili: hakuwa wa kwanza. Karibu miaka hamsini kabla yake kulikuwa na Laura Bridgman. Alizaliwa 1829, akaugua homa ya vipele vyekundu akiwa na miaka miwili. Mwaka 1837 Dkt. Samuel Gridley Howe akampokea kwenye shule ya wasioona pale Boston. Howe alibandika karatasi zenye herufi zilizoinuka juu ya kijiko, kisu, ufunguo. Laura anapapasa kijiko, anapapasa karatasi. Baadaye karatasi zinabanduliwa, anatakiwa azirudishe kila moja mahali pake. Mwanzoni aliiga tu, mpaka siku moja akaelewa kwamba kila kitu kina jina.

Na mnyororo haukukatika. Charles Dickens alimtembelea Laura mwaka 1842 akaandika habari zake. Mama yake Helen akaja kuzisoma, akapata tumaini. Anne Sullivan naye aliishi nyumba moja na Laura shuleni, alfabeti ya vidole aliipatia huko.

#5 Bint Makunduchi

Asante mwalimu, nimekubali yote mawili. Ila hoja yangu bado imesimama, Helen alihitimu chuo 1904.

#6 Otis wa Nyanza

Mleta mada anauliza mikono juu ya mikono, nyinyi mnajibu herufi kwenye kiganja. Hayo si mamoja, ama?

#7 Dada Mkalimani

Si mamoja, Otis. Niko Nairobi, nafanya ukalimani wa lugha ya ishara, na kwa miaka kadhaa sasa nakalimania pia watu ambao sisi huku tunawaita viziwi-vipofu. Nyinyi Tanzania husema viziwi wasioona.

Helen na Laura waliandikiwa herufi moja moja mkononi, yaani Kiingereza kilichosomwa kwa ngozi. Yule kijana wa Msamvu alikuwa anapokea lugha ya alama nzima, ya viziwi, kwa mguso. Nimewasikia Watanzania wakiiita lugha ya alama mguso.

Sasa nije kwa Msafiri, kwa sababu swali lako lina uzito na wengi hupita juu yake. Maswali ya nani, wapi, lini hayana taabu, neno la kuuliza lenyewe liko mkononi. Taabu ni swali la ndiyo au hapana, lile ambalo kwa mdomo tunalijua kwa sauti tu. Mimi hufanya hivi: alama ya mwisho siiachii. Naishikilia kidogo, naikaza, halafu namgusa yeye kifuani kumaanisha "wewe?" Anajua nasubiri jibu. Kule Sweden kuna mwanaisimu, Johanna Mesch, naye ni kiziwi, alichunguza mazungumzo ya watu wa aina hii akakuta jambo hilo hilo: alama ya mwisho inarefushwa, mwenzako ananyooshewa. Kukataa nako sikuachi kichwani. Nakileta mkononi kwa alama ya "hapana" au "hakuna".

Kwa hiyo hakisii. Uso umehamia mikononi.

#8 Msafiri wa Reli

Dada Mkalimani, nashukuru, nimeelewa swali. Na kicheko je? Alicheka kabla sentensi haijaisha.

#9 Mtoto wa Viziwi

Kwani wewe mkuu husemi nusu sentensi rafiki yako akacheka? Mwanzo wa kisa cha mtu unayemfahamu unatosha.

Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, wanaona vizuri kabisa. Niwaambie kitu ambacho wataalamu hawakisemi. Sisi tumekulia Mbagala, umeme ukikatika usiku hakuna anayemwona mwenzake. Familia ya wanaosikia inaendelea kupiga soga gizani. Sisi je? Mama anakaa karibu na baba, wanashikana mikono, maongezi yanaendelea mikononi. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa napenyeza mkono wangu katikati ili nisipitwe. Hakuna aliyetufundisha. Kwa hiyo hii alama mguso mimi naiona ni lugha ya alama ile ile gizani, basi. Kiziwi yeyote anaweza akikaa nayo wiki mbili.

#10 Kaka wa Pili

Wiki mbili? Hapana ndugu yangu. Hapo umenigusa pabaya.

Mdogo wangu alizaliwa kiziwi, tuko Kigoma. Alisoma shule ya viziwi, lugha ya alama anaijua kuliko mimi ninavyojua Kiswahili. Kufika miaka kumi na miwili akaanza kujikwaa jioni. Tukidhani ni utundu. Akipewa kikombe kutoka pembeni hakioni, ukikileta mbele ya uso anakipokea. Tulizunguka sana. Tuliambiwa ni macho ya kulogwa, tukapewa miwani isiyosaidia kitu, hospitali moja ikatuambia anajifanya. Miaka minane baadaye daktari mmoja akatuambia jina: Usher. Kwamba ni wa kurithi, masikio hutangulia, kisha retina, ile sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, inakufa polepole. Usiku kwanza, halafu pembeni, unabaki unachungulia kama kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

Yeye lugha alikuwa nayo tayari. Lakini kuhama kutoka machoni kwenda mikononi kulimchukua zaidi ya mwaka, na shida haikuwa vidole. Alikuwa anakataa. Ukimshika mikono anaitoa. Kuweka mikono juu ya mikono ya mtu ni kukiri kwamba macho yamekwisha. Alikubali kwa mara ya kwanza msibani kwa bibi, usiku, kwa sababu alitaka kujua watu wanasema nini na hakukuwa na njia nyingine.

Wewe Mtoto wa Viziwi umeme ukirudi unaachia mikono. Yeye umeme wake haurudi.

#11 Mtoto wa Viziwi

Kaka, umesema kweli. Ile wiki mbili naifuta. Pole sana na mpe salamu mdogo wako.

#12 Zubeda wa Hamburg

Nami nichangie kidogo. Nahudumia wazee huku Ujerumani, na mmoja kati ya niliowahudumia alikuwa hasikii wala haoni. Huku wana kitu kinaitwa alfabeti ya Lorm. Mwandishi mmoja, jina lake la kalamu Hieronymus Lorm, alikuwa kiziwi kisha akapoteza macho, akaitunga mwaka 1881 ili aweze kuongea na jamaa zake. Kiganja kizima kinakuwa kama kibao cha kuchapia. Herufi nyingine ni kugusa nukta, nyingine ni kuburuta mstari kwenye kidole au kiganja.

Kilichonifurahisha: A ni ncha ya dole gumba, E ya shahada, I ya kidole cha kati, O ya pete, U ya kidole cha mwisho. Irabu tano, ncha tano. Waingereza nao wana alfabeti yao ya mkononi ambayo irabu zimekaa hapo hapo. Nikajiuliza, lugha gani ingependeza hapo kuliko Kiswahili, ambacho karibu kila silabi inaishia kwenye irabu? Nilimfundisha yule bibi kusema "habari" kwa Lorm. A mbili na I moja, akawa kila asubuhi ananigonga dole gumba mara mbili kabla sijakaa.

#13 Otis wa Nyanza

Zubeda umeupamba, lakini jaribu kuandika "hawajatutembelea" kwenye kiganja cha mtu, herufi kumi na saba. Kiganja kitachubuka.

#14 Mwalimu Chaki

Nimezihesabu, ni kumi na sita.

Otis ana hoja hata hivyo. Vitenzi vyetu vinabeba sentensi nzima ndani yake. Ukiandikia mtu herufi kubwa kwenye kiganja, moja juu ya nyingine mahali pale pale, ni kazi ya uvumilivu kwa pande zote mbili. Lakini faida yake ni kwamba hakuna wa kufundishwa. Muuza duka, konda, karani wa benki, yeyote anayejua kuandika A anaweza kuongea na mtu huyo, mradi naye alijifunza herufi zile za kawaida. Lugha ya alama mguso inataka wote wawili wawe wajuzi.

Wajapani wana njia ya tatu ambayo mimi kama mwalimu wa nukta nundu naipenda kuliko zote. Nukta nundu ina nukta sita. Mashine ya Perkins tunayofundishia ina vitufe sita vya nukta, vidole vitatu mkono huu na vitatu mkono ule. Bwana Satoshi Fukushima alipoteza macho akiwa na miaka tisa na masikio akiwa na kumi na nane. Mwaka 1981 mama yake, wakiwa nyumbani, akamgonga vidole vyake sita kana kwamba ndivyo vitufe vya mashine. Kijana akasoma. Hakuna karatasi wala mashine, vidole vimekuwa mashine. Baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo.

#15 Nyuki wa Tabora

Mwalimu unashusha nondo. Nimewajaribu wanangu hapa hiyo ya vidole sita, wanacheka tu wanasema nawatekenya.

#16 Mpemba Halisi

Wenzangu, mimi nauliza jambo la chini kabisa. Mbona mimi nikifumba macho hata sarafu ya mia na ya mia mbili nazichanganya? Hawa ngozi yao ni nyingine? Nilivyosikia kwetu, Mwenyezi Mungu akichukua hisia moja anaongeza nyingine.

#17 Kipimo cha Maabara

Mpemba, ngozi ni hiyo hiyo. Kinachobadilika ni ubongo. Mwaka 1996 watafiti walipima ubongo wa watu wasioona wakisoma nukta nundu, wakakuta sehemu ya nyuma kabisa ya kichwa, ile ambayo kwetu inashughulikia kuona, inafanya kazi kwa nguvu. Haikukaa bure. Ilipewa kazi ya vidole. Tena kuna kisa cha mama mmoja asiyeona tangu kuzaliwa aliyepata kiharusi eneo hilo la nyuma. Vidole vyake vilihisi nukta kama kawaida ila kuzisoma akashindwa, na alikuwa msomaji hodari. Hilo kwangu linamaliza ubishi. Yule kijana wa Msamvu anaona kwa mikono, kwa maana ya ubongo.

#18 Dada Mkalimani

Kipimo, halimalizi ubishi. Wale walikuwa wasioona wanaosoma nukta nundu. Mdogo wake Kaka wa Pili aliona mpaka utu uzima. Wengi ninaowakalimania macho yao yalikwenda wakiwa na miaka thelathini, arobaini, na wanaongea vizuri tu. Mimi naona ni mazoezi pamoja na kuijua lugha kabla. Ukijua lugha, alama ikianza tu unajua inakwenda wapi.

#19 Msafiri wa Reli

Dada, hapo mbona umerudi kwenye dai langu? "Unajua inakwenda wapi" ndiko kukisia kwenyewe.

#20 Dada Mkalimani

Basi na wewe ukinisikiliza kwenye simu yenye mtandao mbovu unakisia. Hatusemi hujui Kiswahili.

#21 Mama Tumaini

Naomba mnisikilize kidogo. Nimesoma bandiko zote na nimelia pale kwa Kaka wa Pili.

Nyote mnaongelea watu waliokuwa na lugha kwanza. Mwanangu alizaliwa 2011. Nilipata rubela mimba ikiwa changa, vipele vya siku tatu na homa kidogo, sikujua ni kitu. Alizaliwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, moyo una tundu, na masikio hayasikii. Chanjo ya rubela iliingia nchini 2014, miaka mitatu baada yake. Naifikiria sana miaka hiyo mitatu.

Hakuwahi kuona alama wala kusikia neno. Mpaka ana miaka mitano alikuwa anapiga kichwa ukutani, anang'ata mkono wake, hataki kuguswa. Nimeambiwa na ndugu nimfungie ndani. Nimeambiwa na mtu wa ofisi fulani, tena aliyesoma, kwamba mtoto kama huyu "hana cha kufundishwa". Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto kama wangu ndiye aliyenionyesha. Kabla ya kula, mpe kijiko akishike. Kila siku kijiko kile kile. Kabla ya kuoga, mpe kitambaa kile kile. Kabla ya kutoka, kiatu. Usianze na neno, anza na kitu.

Miezi saba hakuna kilichotokea. Siku moja niko najisukia nywele, akaja akipapasa, ameshika kijiko, akaniwekea kwenye paja. Alikuwa ananiambia ana njaa. Wakuu, mwanangu aliongea.

Sasa ana alama kama arobaini, nyingine za lugha ya alama, nyingine tumetunga wenyewe mwilini mwake. Mimi jina langu ni bangili. Akigusa kifundo cha mkono mara mbili ananiita mimi. Baba yake ni ndevu.

Hamuwezi kuniambia ni kukisia wala ni ubongo wa nyuma. Alisubiriwa.

#22 Bint Makunduchi

Mama Tumaini, Mungu akubariki. Nimeisoma mara tatu.

#23 Mwalimu Chaki

Mama, ulichofanya kina wakubwa wake. Uholanzi, kule Sint-Michielsgestel, mwalimu Jan van Dijk aliwafundisha watoto wa rubela kwa njia inayokaribiana na hiyo: kitu kinachotangulia tendo, na kusogea pamoja na mtoto mwili kwa mwili mpaka aelewe kwamba kuna mwenzake. Miaka ya 1960 Marekani nao walipata mlipuko mkubwa wa rubela, 1964 na 1965, watoto wapatao 20,000 wakazaliwa na madhara. Elimu ya watoto wa namna hii huko ilipanuka kwa sababu yao.

Kwetu madarasa ni machache. Dar ipo shule ya Uhuru Mchanganyiko, Kenya ipo Kabarnet kule Baringo. Umemwandikisha?

#24 Mama Tumaini

Tuko mbali na Dar mwalimu. Nitakuandikia faraghani.

#25 Kijani na Njano

Mimi nina swali dogo. Mdogo wake Kaka wa Pili anafuatilia mpira?

#26 Kaka wa Pili

Anafuatilia kuliko wewe. Ni Simba damu.

#27 Kijani na Njano

Hapo ndipo namwonea huruma 😂

#28 Otis wa Nyanza

Msiharibu uzi. Lakini kuna jambo la kweli hapo. Wakati wa Kombe la Dunia la 2018 ilisambaa video kutoka Brazil. Shabiki haoni wala hasikii, marafiki zake wamemtengenezea kiwanja kidogo cha mbao. Anaweka mikono juu ya mikono ya rafiki, rafiki anaisogeza kufuata mpira ulipo. Mtu wa pili yuko nyuma yake anamchorea mgongoni: faulo, kadi, namba ya jezi. Goli likiingia anaruka pamoja na wengine.

#29 Kaka wa Pili

Otis umenipa kazi. Sisi humsimulia baada ya mchezo kuisha. Sikuwahi kuwaza kwamba anaweza kuwa ndani yake. Nina mbao za kutosha, kesho naanza.

#30 Dada Mkalimani

Huo mgongo usiupite haraka, Otis. Wafini na majirani zao wa kaskazini wameujenga ukawa utaratibu, unaitwa haptiki. Mimi nikikalimania mkutanoni, mikono yangu inabeba maneno, mwenzangu anabeba chumba kwa mgongo au bega: watu wanacheka, fulani ametoka, mwenyekiti amekasirika, chai imeletwa. Bila hivyo mtu anapata maneno yaliyokauka.

Tena kuna wanaokwenda mbali zaidi. Mwaka 2007 kule Seattle viziwi wasioona wenyewe walichoka na sisi wakalimani. Wakasema, tumekaa miaka tukipokea lugha iliyotengenezwa kwa macho, masalia yake ndiyo tunayopewa. Wakaanza kuongea wao kwa wao bila mkalimani katikati. Ikazaliwa njia inayoitwa protaktili. Huko msikilizaji hakai kimya kama gogo. Mkono mmoja unapokea, mwingine uko kwenye paja la msemaji ukigonga "ndiyo, ndiyo, endelea", na akicheka anamkuna kwa vidole vyote kama buibui anayekimbia. Na mwili wa msikilizaji unatumika kuunda neno. Ukitaka kusema mti, mkono wake unasimamishwa unakuwa shina, vidole vyake matawi. Wanaisimu Terra Edwards na Diane Brentari wamechunguza, na wanaona sarufi mpya inajijenga humo.

#31 Mtoto wa Viziwi

Kwa hiyo si lugha ya alama tena?

#32 Dada Mkalimani

Wenyewe wanasema ni lugha nyingine. Wapo wanaosema ni tawi. Mimi nikiwa kazini Nairobi natumia alama mguso za kwetu, na bado naona watu wangu wakigonga paja bila kufundishwa na mtu wa Seattle.

#33 Mpemba Halisi

Na Korona ilipokuja, watu kukaa mita moja, hawa waliishi vipi?

#34 Kaka wa Pili

Waliishi vibaya. 2020 mdogo wangu alipelekwa zahanati, muuguzi akaniambia nisimguse. Nikamuuliza, sasa utamwambiaje sindano inakuja? Akanyamaza. Nilimgusa. Majirani walituita wazembe. Kwake umbali wa mita moja ni ukimya mtupu.

#35 Nyuki wa Tabora

Swali la vitendo. Nikikutana na mtu kama huyo stendi, nifanyeje nisimkere?

#36 Dada Mkalimani

Mguse bega au mkono wa juu, taratibu, uache mkono wako hapo kidogo ajue kuna mtu. Usimkamate mikono, mikono yake ndiyo macho na masikio na mdomo wake. Weka wako chini ya wake, yeye ataamua kuushika. Mwandikie jina lako kwenye kiganja, herufi kubwa, moja moja, ukimaliza neno futa kwa kiganja. Na ukiondoka mwambie unaondoka. Watu wengi huondoka kimya, yeye anabaki anaongea na hewa.

Na fimbo nyeupe yenye mistari myekundu, kama aliyoiona Msafiri, ndiyo alama yake. Madereva wajue, honi haisaidii.

#37 Zubeda wa Hamburg

Hilo la kuondoka kimya ni kweli tupu. Yule bibi wa Lorm alikuwa anauliza kila saa, "Bado upo?"

#38 Msafiri wa Reli

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jana huku Iringa umeme ulikatika saa mbili usiku, binamu yangu kiziwi alikuwa kwangu. Nikakumbuka bandiko la Mtoto wa Viziwi. Nikamshika mikono gizani, nikaweka yangu chini ya yake kama Dada alivyoelekeza. Nikampa alama: wewe, kula, tayari.

Akanijibu mkononi: "Asante, kumbe na wewe umeona nimeshiba."

Mimi nilikuwa nauliza.

#39 Otis wa Nyanza

Kwa hiyo dai lako limeshinda?

#40 Dada Mkalimani

Halijashinda. Alama ya mwisho aliishikilia?

#41 Msafiri wa Reli

Nilisahau. Nilipandisha nyusi gizani.

#42 Mtoto wa Viziwi

Baba yangu naye hupandisha nyusi gizani mpaka leo, miaka sitini na moja. Na mama humwelewa. Nimemuuliza leo asubuhi anajuaje, akanionyesha: baba akiuliza, mabega yake huinuka kidogo na mikono inainuka nayo.

#43 Msafiri wa Reli

Kumbe. Basi nirudie jaribio mara mbili, moja kwa kushikilia alama, moja kwa mabega. Umeme umerudi, binamu amelala. Ukikatika tena nitaleta majibu hapa.

#44 Kaka wa Pili

Usisubiri umeme mkuu, kitambaa cha kufunga macho kinatosha. Kiwanja cha mbao nimemaliza upande mmoja. Mdogo wangu anauliza kwa nini magoli nimeyaweka madogo.